Mfunguo Mosi: kwa nini ibada za Ramadhani huporomoka baada ya Idi

Kumi la mwisho la Ramadhani msikiti wetu hapa Ujiji, Kigoma, ulikuwa hautoshi. Waliochelewa sala ya Alfajiri walitandika mikeka nje, chini ya mwembe, wakasali huku umande unawadondokea. Siku ya nne baada ya Idi, ndani ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nilihesabu: safu moja na nusu, na katika ile nusu nilikuwemo mimi, niliyeingia imamu akiwa rakaa ya pili. Mikeka ilikuwa imekunjwa na kuegemezwa ukutani, feni zinapuliza busati tupu. Mzee mmoja anayekaa karibu na mihrabu, ambaye sijawahi kumkosa tangu nimfahamu, aligeuka baada ya salamu, akatutazama, akasema, "Haya, wenyeji tumebaki." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kwa aibu, maana mwaka wa nyuma yake hata kwenye hiyo nusu sikuwemo.

Kila mwaka tunaelezwa yaleyale. Mtaani utasikia, "Mashetani yamefunguliwa." Chimbuko lake ni hadithi sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakubwa wa hadithi, kwamba Ramadhani ikiingia milango ya pepo hufunguliwa, ya moto hufungwa, na mashetani hutiwa minyororo. Lakini kuna mambo mengine tunamsingizia shetani bure. Saa ya kuamsha uliizima mwenyewe usiku wa kuamkia Idi pili, ukasema leo nalala.

Mimbarini nako maneno ni makali zaidi: anayeacha ibada baada ya Idi alikuwa anaiabudu Ramadhani, hakuwa anamwabudu Mola wa Ramadhani. Husomwa na aya ya 92 ya Surat An-Nahl, ya yule mwanamke aliyeukatakata uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Aya hiyo asili yake ni viapo na ahadi, ila mfano wake unakaa vizuri hata hapa. Sina ugomvi na maneno hayo. Ninachosema ni kwamba sijawahi kuona mtu aliyerudi msikitini kwa sababu aliyasikia. Tunayasikia siku ya Idi tukiwa na kanzu mpya, na wanaohusika nayo zaidi hawaonekani Ijumaa inayofuata.

Maelezo yangu mimi ni ya jikoni. Ndani ya Ramadhani ibada zetu nyingi hazisimami zenyewe, zimetundikwa mahali, kama kanzu kwenye msumari. Alfajiri ya jamaa imetundikwa kwenye daku. Uliamka saa kumi kwa ajili ya kiporo cha wali na chai, ukala, adhana ikakukuta macho makavu, na kutoka hapo kwenda msikitini ni hatua chache tu. Isha ya jamaa imetundikwa kwenye tarawehe, kwa kuwa hakuna anayetaka kuingia tarawehe zikiwa zimeshaanza. Kur'ani imetundikwa kwenye ile saa ndefu baina ya Alasiri na Magharibi, ambapo huna nguvu ya kazi wala huwezi kupiga soga huku unatafuna karanga. Sadaka imetundikwa kwenye futari: sahani ya magimbi inakwenda kwa jirani, na jirani naye hairudishi tupu. Hata ulimi ulizuiliwa na neno moja tu, "nimefunga." Idi ikiingia, misumari yote inang'olewa kwa siku moja. Kanzu zinaanguka, halafu tunazilaumu kanzu.

Na tunaing'oa kwa kishindo. Tunajua vunja jungu la siku za mwisho za Shabani, watu wanapokula na kunywa kama wanaoagana na chakula. Siku hizi kuna vunja jungu la pili, la baada ya Idi, ambalo halina jina lakini lina wafuasi wengi.

Kwa hiyo siku hizi najiuliza jambo dogo tu: msumari gani ninao mwaka mzima, ambao Idi haiwezi kuung'oa?

Kabla ya kulijibu hilo, tutenganishe kilichoondoka na kilichobaki, maana watu huomboleza na visivyokufa. Tarawehe zimekwisha kwa sharia, na anayeziacha hajaacha kitu. Zaka ya fitri imekwisha. Witri, ile sala ya kufungia usiku, haijaisha. Kwa sababu tumezoea kuisali nyuma ya imamu mara baada ya tarawehe, wengi wetu tunadhani ni mkia wake, tunaikunja pamoja na mikeka. Abu Huraira amesimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuusia mambo matatu: kufunga siku tatu kila mwezi, rakaa mbili za dhuha, na kusali witri kabla ya kulala. Wasia huo haukufungwa na Ramadhani. Sala tano ndizo kabisa, hazikuja na Ramadhani na hazikuondoka nayo. Na wazee wetu wa Kiswahili walilijua hili hata katika kuhesabu miezi. Shawwal wakaiita Mfunguo Mosi, Dhulkaada Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shabani na Ramadhani yenyewe. Mwaka mzima unahesabiwa kwa umbali wake kutoka kwenye saumu. Anayesema Maulidi yamo Mfunguo Sita ametaja Ramadhani bila kujua.

Sasa misumari. Nianze na wa Alfajiri, kwa kuwa hapa sisi watu wa Kigoma tuna neema ambayo hatuishukuru. Saa ya Tanzania ni moja, lakini jua haliangalii saa ya serikali. Kutoka Dar es Salaam kuja huku ni karibu nyuzi kumi za longitudo kuelekea magharibi, na kila nyuzi ni dakika nne za jua, kwa hiyo Magharibi ya kwetu huchelewa karibu dakika 40 nyuma ya ya Dar. Kwa upande wa futari kila mtu analijua hili. Hakosekani mgeni anayefungua kwa adhana ya redioni huku jua bado limekaa juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, akalazimika kuilipa siku hiyo. Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo hatuutazami: Alfajiri yetu nayo huchelewa vivyo hivyo. Saa kumi na moja kamili, ambapo Dar miezi mingine wameshaadhini na miezi mingine wamebakiza dakika chache, huku kwetu bado ni usiku, na ni ile theluthi ya mwisho iliyosifiwa katika hadithi. Hubaki karibu nusu saa, mara nyingine zaidi. Mtu anayeamka saa hiyo anapata rakaa mbili, witri kama hakuisali, na bado anafika msikitini kabla ya ikama, wala hajakesha. Muuza mitumba wa Dar anayetaka hivyo inambidi avunje usingizi mapema zaidi. Mimi saa yangu ya daku sikuifuta kwenye simu. Niliisogeza tu kutoka saa kumi hadi saa kumi na moja, na karibu yake nikaacha chupa ya chai. Chai ndiyo msumari. Sioni haya kusema hivyo, maana hata Ramadhani nilikuwa naamka kwa ajili ya chai.

Fundo la sita

Hakuna jambo la Mfunguo Mosi lenye maswali kama sita, ile saumu ya siku sita. Hadithi yake ni ya Abu Ayyub al-Ansari, ipo kwa Muslim: atakayefunga Ramadhani kisha akaifuatisha kwa siku sita za Shawwal, ni kama amefunga dahari, yaani daima. Wanazuoni wakaeleza hesabu yake kwa aya ya 160 ya Surat Al-An'am, kwamba jema moja hulipwa kwa kumi: siku 30 zikawa 300, sita zikawa 60, jumla 360, ambazo ni kama mwaka.

Si wote walizipokea kwa mikono miwili. Imamu Malik, aliyekuwa Madina kwenyewe, amesema katika kitabu chake, Muwatta, kwamba hakumwona mtu wa elimu akizifunga, na kwamba zilichukiwa kwa kuchelea wajinga wasije wakaziunganisha na Ramadhani zikaonekana ni sehemu yake. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, yamezifanya sunna, na mimi ni huko. Lakini khofu ya Malik naielewa vizuri kila nikipita barazani siku ya kumi ya Mfunguo Mosi. Mtu anaulizwa, "Umebakiza ngapi?" kwa sauti ya kudaiwa. Sunna imegeuka deni la mtaa, na anayekunywa maji mchana anaanza kujieleza.

Wanaoumia zaidi na swali hilo ni wanawake, na wanaume wanaouliza hawajawahi kupiga hesabu. Tuipige. Mwanamke amekula siku saba za Ramadhani kwa hedhi. Akitaka kulipa saba kisha afunge sita, anahitaji siku 13. Shawwal ina siku 29 au 30. Ondoa Idi, ambayo ni haramu kufunga. Ondoa siku nyingine saba za hedhi ya mwezi huo. Zimebaki 21 au 22, na katika hizo ana shughuli, ana wageni wa Idi, ana mtoto anayeumwa. Inawezekana, lakini haina nafasi ya kupumua. Mwenye uzazi, aliyekula mwezi wote, hesabu hiyo kwake haipo kabisa.

Wanazuoni hawakumwacha hapo. Wapo waliosema kadha, yaani kulipa siku alizokula, itangulie, na wameshika maneno "atakayefunga Ramadhani", kwamba mwenye deni hajaimaliza bado. Msimamo huu ni maarufu kwa Wahanbali, na wengi wanaosikiliza mihadhara ya simu huudhani ndio pekee. Wapo waliosema anaweza kuanza na sita, kwa sababu muda wa sita ni mwezi mmoja na muda wa kadha ni mpana. Bibi Aisha mwenyewe, mke wa Mtume, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, alisema alikuwa na deni la Ramadhani asiweze kulilipa ila Shabani. Na ndani ya madhehebu ya Shafii wapo wakubwa wa zama za nyuma, Ramli na Khatib Shirbini miongoni mwao, walioona kwamba aliyefunga kadha yake ndani ya Shawwal hupata na thawabu ya asili ya sunna ya siku hizo, hata kama Shirbini alisema ule ujira kamili uliotajwa kwenye hadithi haupati. Hii ya tatu ndiyo faraja ya mama wa mitaa yetu ya Mwanga au Gungu mwenye siku saba za deni: alipe deni lake Mfunguo Mosi, na asijione ametoka mikono mitupu.

Mimi si mufti. Mwenye jambo lake akamuulize shehe wake, na amweleze hali yake yote, kwa sababu jibu la aliyekula kwa udhuru si jibu la aliyekula makusudi. Kwa Mashafii aliyekula bila udhuru anatakiwa alipe haraka, hana huo upana wa hadi Shabani. Na mwenye udhuru naye akizembea mpaka Ramadhani nyingine imfikie hali alikuwa na uwezo wa kulipa, anaongezewa fidia ya mudi moja ya chakula kwa kila siku, ambayo wazee wetu hupima kwa kibaba. Hilo ndilo la kuogopa, kuliko macho ya barazani.

Kuzifululiza, au kuzitawanya? Ubora kwa Mashafii ni kuzifuatanisha mara baada ya Idi, na kuzitawanya kunafaa alimradi zimo ndani ya mwezi. Ubora huo siubishi, ila nimeona anayezifululiza humaliza tarehe saba, akapumua, akasema sasa kweli Ramadhani imekwisha. Anayezifunga Jumatatu na Alhamisi huchukua wiki tatu, na wiki ya nne Alhamisi ikifika mwili unamuuliza mwenyewe, leo je? Hapo amepata msumari mpya bila kupiga nyundo. (Siku mbili za mwanzo hata hivyo huwa tunazipoteza katika kubishana, waliosali Idi jana na waliosali leo. Mjadala huo mimi nimeuhama.)

Ukurasa mmoja

Kwa upande wa Kur'ani nina kisa changu. Mwaka mmoja nilitoka Ramadhani na moto, nikajipangia juzuu moja kila siku kama nilivyozoea ndani ya mwezi. Siku tano zikaenda. Ya sita nikaruka, kulikuwa na msiba Buzebazeba. Ya saba nikasema nitasoma mbili kufidia. Ya nane zikawa tatu, nikauona msahafu kama mtu ninayemkwepa kwa deni la duka. Niliufunga nikaweka juu ya kabati, na nilipoushusha, ilikuwa Rajabu.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Juzuu moja ni kama kurasa ishirini, na zile ishirini za Ramadhani zilikuwa na ile saa ya kungojea futari. Saa hiyo sina tena. Alasiri nipo kazini. Lakini sala tano ninazo. Ukurasa mmoja baada ya kila sala ni dakika tatu au nne, na 604 ukigawa kwa tano ni siku 121, miezi minne na chembe. Anayeanza Mfunguo Mosi kwa mwendo huo anahitimu mara mbili na anakuwa mbali katika ya tatu Ramadhani inapoingia. Kuna watu wanaohitimu mara moja ndani ya Ramadhani kwa mbio, kisha sifuri kwa miezi kumi na moja. Alamisho yangu ni tiketi ya zamani ya treni ya Tabora, imelainika kama kitambaa, na kila siku inasogea kurasa tano. Siku nyingine mbili.

Hili la kidogo lina asili yake. Aisha amepokea kwamba amali anayoipenda Mwenyezi Mungu zaidi ni ile inayodumu, hata kama ni chache. Na Abdullah bin Amr aliambiwa na Mtume asiwe kama fulani, aliyekuwa akisimama usiku kisha akaacha kusimama. Jina la huyo fulani halikutajwa, na katika hilo mimi naona adabu ambayo hotuba zetu za Idi zingeweza kuiga.

Siku ukiruka, kuna mlango wa kurudia. Umar bin Khattab amepokea, ipo kwa Muslim, kwamba aliyelala akapitiwa na kisomo chake cha usiku, akakisoma baina ya sala ya Alfajiri na ya Adhuhuri, huandikiwa kama amekisoma usiku. Ukipitiwa, unalo la kufanya asubuhi hiyohiyo, kabla deni halijazaa. Mimi wakati ule sikuijua hadithi hii, ningeokoa miezi tisa.

Mwezi mpevu na mitumbwi

La mwisho ni la ziwani, na hili nilichelewa kuliona ingawa nimezaliwa hatua chache kutoka majini. Mtume alimwelekeza Abu Dharr, akifunga siku tatu katika mwezi, afunge tarehe 13, 14 na 15. Huitwa siku nyeupe, kwa kuwa usiku wake mwezi unang'aa toka jioni mpaka alfajiri.

Sasa dagaa wa Tanganyika huvuliwa gizani. Mvuvi anawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Dagaa wanajikusanya chini ya mwanga, na wavu unawapandisha. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linakuwa taa, dagaa wanatawanyika, na mafuta ya injini hayarudi. Kwa hiyo siku za katikati ya mwezi ukienda mwalo wa Kibirizi utakuta mitumbwi imepandishwa mchangani, nyavu zimeanikwa, wanaume wamekaa kivulini wanaziba matundu. Tarehe zake ni zilezile, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Kwa mvuvi wa dagaa likizo ya kazi na siku nyeupe zimeandikwa kwenye kalenda moja, iliyotundikwa juu ya kichwa chake. Analala nyumbani, daku inapikwa, usiku hana wavu wa kuvuta. Na kwa Mfunguo Mosi mwezi mpevu huja wiki mbili baada ya Idi, pale hasa ambapo wengi wetu tumeshaporomoka na hatujui pa kuanzia.

Nilimsifia jirani yangu mmoja, mvuvi, kwamba kila mwezi anafunga siku hizo. Nilitegemea anijibu kwa hadithi. Akasema, "Ndugu yangu, siku za mwezi sina pa kwenda. Nikikaa bure nagombana na mama watoto. Bora nifunge." Fundi cherehani hana mwezi mpevu, na dereva wa bodaboda mwangaza kwake ni biashara, hao Jumatatu na Alhamisi zinawafaa zaidi, au siku isiyo na gulio. Kila mtu anazijua siku zake tulivu.

Tarehe kumi na nne iliyopita nilikaa naye mchangani jioni. Alikuwa na kikombe cha maji, tende tatu kwenye kifuniko cha ndoo, na mwanawe wa miaka kama tisa aliyekuwa amemng'ang'ania baba yake siku nzima kwamba naye amefunga. Redio ya mtu mwingine, mtumbwi wa tatu kutoka kwetu, ikaanza adhana. Mtoto akanyoosha mkono kwenye tende.

"Hiyo ya Dar," baba yake akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye wavu. "Ya kwetu bado."

Mtoto akarudisha mkono, akaligeukia jua, akaanza kulisubiri.